Mgonjwa wa Figo Hapigiwi Debe

Shukrani zote njema anastahiki Allah (SW), aliyemuumba mwanadamu katika umbile bora, akamwekea ndani ya kiwiliwili chake figo mbili, kila moja kiasi cha ngumi, zinazochuja damu yake usiku na mchana bila ya yeye kuziamrisha.

Ndugu Waislamu, juma hili tunakusudia kuzungumza na familia zetu juu ya jambo linalonong'onwa zaidi kuliko linavyosemwa: namna wagonjwa wa figo wanavyogombewa na baadhi ya vituo vya kusafisha damu, na namna ugomvi huo unavyomdhuru yule yule anayegombewa. Tunalileta katika ukurasa wa familia kwa makusudi. Maradhi haya humpata mtu mmoja, lakini anayepanga nauli, anayesaini karatasi na anayeamua mgonjwa apelekwe wapi ni familia nzima, na mara nyingi nyuma ya familia hiyo umesimama msikiti na sanduku lake la sadaka.

Hesabu ya maradhi haya

Shinikizo la damu na kisukari ndivyo vinavyoongoza kuziua figo za watu wazima. Zikishindwa kabisa, sumu na maji hubaki mwilini, na njia kuu za mgonjwa ni mbili: kupandikizwa figo ya mtu mwingine, au kuunganishwa na mashine inayochukua damu yake, kuipitisha katika kichujio na kumrudishia. Utaratibu unaofuatwa duniani ni mara tatu kwa juma, na kila mara kiasi cha saa nne. Hesabu yake kwa mwaka ni mara 156. Akikosa juma moja, maisha yake yamo hatarini.

Sasa iangalieni hesabu hiyo kwa jicho la mfanyabiashara. Mgonjwa wa malaria huja, akatibiwa, akaondoka. Mgonjwa wa figo huja kila baada ya siku mbili, mwaka hadi mwaka, na aghalabu mlipaji ni bima, kwa bei iliyokwishapangwa. Kila mgonjwa mmoja ni pato la uhakika. Na kwa kuwa bei haipandi wala haishuki, kituo kinachotaka faida zaidi kina milango miwili tu: kuongeza idadi ya wagonjwa, au kupunguza kile anachopewa kila mgonjwa. Kituo kisichomcha Mungu huifungua milango yote miwili kwa pamoja.

Hatusemi kwamba ushindani ni haramu. Uislamu ulizaliwa katika mji wa wafanyabiashara, na Mtume (SAW) mwenyewe alifanya biashara kabla ya kupewa utume. Wapo miongoni mwetu wanaokumbuka wakati ambapo mgonjwa wa Tanga alilazimika kuhamia Dar es Salaam kwa ndugu, akaacha shamba na watoto, ili awe karibu na mashine. Vituo kuongezeka ni neema, na anayewekeza fedha zake katika tiba kwa haki ana ujira wake duniani na akhera. Neno letu ni juu ya ushindani usio na adabu: kumvuta mgonjwa kwa kitu kisichohusiana na tiba yake.

Mgeni aliyekuja na mazulia

Kamati yetu ya msikiti, hapa Mabawa, iliwahi kutembelewa na kijana mmoja mwenye adabu na maneno matamu. Alijitambulisha kuwa anashughulikia masoko ya kituo cha kusafisha damu. Kituo hicho hatukitaji, wala mji kilipo, kwani lengo letu si kumfedhehesha mtu. Alisema amesikia kwamba msikiti huu husaidia wagonjwa, naye amekuja na kheri. Kwa kila mgonjwa tutakayemwelekeza kwao, kituo kingetoa sadaka kwa msikiti. Wakifika idadi fulani, tungepata mazulia mapya ya ukumbi mzima. Mgonjwa naye angelipiwa nauli na kupewa kifurushi cha unga, sukari na mafuta kila mwezi.

Msomaji atambue uzito wa maneno haya kwa kamati yenye mazulia yaliyochakaa. Wazee wetu wawili waliona hakuna ubaya: mgonjwa anafaidika, msikiti unafaidika, na bima ndiyo inayolipa. Wengine tuliuliza: je, kama tusingekuwa na wagonjwa wa kuwapeleka, mazulia haya yangeletwa?

Swali hilo hatukulibuni sisi. Katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim imesimuliwa habari ya mtu aliyetumwa na Mtume (SAW) kukusanya zaka, akajulikana kwa jina la Ibn al-Lutbiyya. Aliporudi alitenga fungu la zaka, kisha akatenga fungu jingine akidai kwamba hilo alipewa yeye zawadi. Mtume (SAW) alikasirika, akapanda mimbari, akahoji mbele ya watu kama zawadi hizo zingemfikia mtu huyo lau angelikaa nyumbani kwa baba yake au mama yake. Kipimo ni hicho. Zawadi inayokufuata kwa sababu ya nafasi uliyonayo, na ambayo ingekoma nafasi hiyo ikikoma, si zawadi bali ni bei. Watanzania tuna neno letu la jambo hili, takrima, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vilivyokuwa vikiihalalisha katika uchaguzi. Ikiwa takrima haifai kwa kura, itafaaje kwa uhai?

Kamati iliandika barua ya kushukuru na kukataa. Mazulia ni yale yale ya zamani, na swala, alhamdulillahi, zinaendelea kusaliwa juu yake.

Kuupokea msafara njiani

Tulipokuwa chuoni tulisomeshwa katika mlango wa biashara kwamba Mtume (SAW) alikataza kuipokea misafara njiani kabla haijafika sokoni. Wanazuoni wakaeleza sababu yake: mwenye bidhaa atokaye mbali haijui bei ya mji. Mjanja akimwahi njiani atamlaghai, na soko lote litaharibika. Wenyeji wa Tanga hawahitaji ufafanuzi mrefu. Mkulima wa machungwa wa Muheza anajua habari ya dalali anayekuja shambani kununua yangali juu ya mti. Msafiri anayeshuka stendi ya Kange anajua habari ya mpiga debe anayeudaka mzigo wake kabla mguu haujagusa chini.

Mgonjwa wa figo ndiye msafara ule. Amepewa habari nzito, hajui mashine ni nini, hajui maswali ya kuuliza, familia yake imetaharuki. Anayemwahi katika hali hiyo, awe mhudumu wa wodi aliyepewa bahasha ili atoe namba za simu, awe daktari anayelipwa kwa kila barua ya rufaa, awe mgonjwa mwenzake aliyeahidiwa chochote, au awe imamu aliyeahidiwa mazulia, amefanya lile lililokatazwa sokoni. Kosa lake ni kubwa zaidi, maana bidhaa hapa ni damu ya mtu.

Tena fiqhi yetu haikumsahau mtu wa kati. Katika mapokezi ya Imamu Ahmad, aliyelaaniwa katika rushwa si mtoaji na mpokeaji pekee, bali pia mpitishaji anayetembea baina yao. Na katika nchi yetu, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa pia wakala anayepokea manufaa ya siri ili aelekeze shughuli ya mtu mwingine upande fulani. Dini na dola zimekutana katika neno moja.

Kipimo kinapopunjwa

Huenda msomaji akasema: kama nauli imelipwa na unga umetolewa, mgonjwa amepoteza nini? Fedha ya nauli, ya unga, ya dalali na ya mazulia haikushuka kutoka mbinguni. Imetoka katika bei ile ile ambayo bima ililipa ili mgonjwa asafishwe damu ipasavyo. Kila shilingi iliyotumika kumvuta imepungua katika kumhudumia.

Kwanza hupunguzwa muda. Saa nne zikiwa saa tatu, mashine ile ile huhudumia wagonjwa wengi zaidi kwa siku. Mgonjwa mwenyewe hufurahi, maana anarudi nyumbani mapema. Lakini sumu iliyotakiwa kutoka imebaki, na maji yaliyotakiwa kutolewa taratibu yametolewa kwa haraka. Presha huanguka, misuli hukaza, moyo huchoka. Haya hayaonekani siku hiyo. Huonekana baada ya miezi, na wakati huo familia husema ni maradhi tu yamezidi.

Pili hupuuzwa maji. Kila mara mgonjwa anaposafishwa damu, maji kiasi cha lita 120 hupita upande wa pili wa utando mwembamba unaoyatenganisha na damu yake. Maji yanayofaa kunywewa hayatoshi kwa kazi hiyo. Lazima yachujwe kwa mitambo maalumu na kupimwa mara kwa mara. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazil, kituo kimoja kilitumia maji yaliyoletwa kwa magari wakati wa ukame bila ya kusafishwa vya kutosha. Maji hayo yalikuwa na sumu ya vijimea vya bwawani. Wagonjwa zaidi ya 50 walikufa kwa ini kuharibika. Walikwenda kutafuta uhai, wakaletewa mauti katika bomba.

Tatu hupunguzwa watu. Muuguzi aliyesomea kazi hii ana gharama, na mbadala wake asiyesomea ni rahisi. Mmoja hupewa wagonjwa wengi kupita uwezo wake, hapati nafasi ya kuosha mikono baina ya kitanda na kitanda, na maradhi ya homa ya ini hupata njia. Nne, na hili ndilo la siri zaidi, hufichwa habari ya kupandikizwa figo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza mwezi Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilitoa uamuzi mwaka 1988 kuruhusu upandikizaji wa viungo kwa masharti yake, na kukataza kiungo kuuzwa. Mlango upo, kwa sharia na kwa tiba. Lakini kituo kinachoishi kwa ziara 156 za mgonjwa kina sababu gani ya kumwonesha njia ya kutorudi tena?

Qur'ani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wapunjaji, wale ambao wakijipimia wao hutaka kitimie, na wakiwapimia wenzao hupunguza. Tumezoea kuisomea muuza mchele. Mwenye kudai malipo ya saa nne akatoa saa tatu yumo ndani yake vile vile, tena kwa kipimo kisichoonekana kwa macho.

Yaliyowafika wenzetu

Marekani ilianza kuwalipia karibu raia wake wote wenye figo zilizoshindwa kwa sheria ya mwaka 1972, na tangu hapo biashara hii imekua kuliko kwingineko. Mwezi Oktoba 2014, kampuni ya DaVita, mojawapo ya kubwa kabisa katika kazi hiyo, ilikubali kuilipa serikali dola milioni 350 kumaliza tuhuma kwamba iliwapa madaktari hisa za vituo kwa masharti manono ili wawapeleke wagonjwa wao huko. Mwaka 2024 ililipa tena zaidi ya dola milioni 34 kwa tuhuma nyingine za kununua rufaa. Yote mawili yalikuwa makubaliano, si hukumu za mahakama. Lakini kiasi kile cha fedha kinaonesha mgonjwa mmoja ana thamani gani sokoni.

Na madhara je? Mwaka 2002 watafiti wa Canada wakiongozwa na P. J. Devereaux walikusanya tafiti zilizolinganisha vituo vya faida na visivyo vya faida huko Marekani. Walikuta hatari ya kufa katika vituo vya faida imezidi kwa asilimia 8, na wakakadiria kwamba tofauti hiyo ni kiasi cha roho 2,500 kwa mwaka. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2020 uliangalia vituo vilivyonunuliwa na makampuni makubwa. Ulikuta wauguzi waliosomea wakipunguzwa, wagonjwa wakilazwa zaidi hospitali, na wachache zaidi wakiandikishwa kupandikizwa figo.

Kwa jirani zetu wa Kenya, ng'ambo ya Horohoro, bima ya taifa ilikuwa ikilipa shilingi 9,500 za huko kwa kila safari ya kusafisha damu, mara mbili kwa juma. Kwa mwaka ni shilingi 988,000 kwa mgonjwa mmoja. Malipo hayo yaliokoa maisha ya watu wengi, na vituo vikazuka hadi miji midogo. Hilo ni jema. Lakini palipo na mto wa fedha, hapakosi mchota kwa hila. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ya Kenya ilisimamisha vituo kadhaa vya tiba vya aina mbalimbali kwa tuhuma za kudai malipo ya uongo katika bima mpya. Kwetu sisi, tunaoelekea kwenye bima ya afya kwa wote kwa sheria ya mwaka 2023, hilo ni somo la bure.

Insafu kwa vituo

Uadilifu unatutaka tuwasikilize na wenye vituo. Tarehe 1 Machi 2024 hospitali binafsi kadhaa nchini zilisitisha huduma kwa wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, zikidai kwamba bei mpya za Mfuko hazifidii gharama. Waziri wa Afya wa wakati huo alikuwa mbunge wetu wa Tanga Mjini, Ummy Mwalimu, na msuguano ule sote tuliufuatilia kwa hofu. Ni kweli kwamba bei isiyofidii gharama humsukuma hata mtu mwema kwenye kupunja. Vichujio na mitambo hununuliwa ng'ambo kwa dola. Basi wanaopanga bei nao wana dhima mbele ya Allah.

Lakini hoja hii haimwokoi mtoa bahasha. Anayelia kwamba bei haitoshi, kisha akapata fedha ya kumlipa dalali, amejikadhibisha mwenyewe.

Yaliyo mikononi mwetu

Zamani dola za Kiislamu zilikuwa na muhtasibu, msimamizi wa soko, na katika kitabu chake Ibn al-Ukhuwwa, aliyefariki mwaka 1329 Miladia, aliweka mlango wa kuwasimamia matabibu pamoja na wauza vyakula. Leo kazi hiyo ni ya Wizara ya Afya, Baraza la Madaktari Tanganyika, Mfuko wa Bima na TAKUKURU, na tunawataka waitimize. Lakini nyumba na msikiti nazo zina hisba yake ndogo.

Familia imwulize daktari, kabla ya kuchagua kituo: mgonjwa wetu atakaa kwenye mashine saa ngapi na mara ngapi kwa juma? Maji ya kituo hupimwa lini na majibu yako wapi? Muuguzi mmoja ana wagonjwa wangapi? Wenye homa ya ini aina ya B wana mashine yao? Majibu ya damu ya kila mwezi tutapewa kwa maandishi? Nani atatueleza habari ya kupandikizwa? Kituo chema hakichukizwi na maswali haya. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Anayekaa na mgonjwa aandike katika daftari saa ya kuunganishwa na saa ya kutolewa, na uzito wa mgonjwa kabla na baada. Daftari la shilingi mia chache ni mlinzi bora kuliko malalamiko ya msibani. Na mgonjwa asisaini fomu ya bima kwa siku ambayo hakuhudumiwa, hata akibembelezwa kwamba ni taratibu tu. Huo ni ushahidi wa uongo, na mali inayoibwa hapo ni ya wagonjwa wenzake.

Ama kamati za misikiti, tunapendekeza mambo matatu. Sadaka ya mgonjwa ilipwe kwa kituo kwa risiti, au iwe nauli mkononi mwa familia, bila ya kumlazimisha kituo maalumu. Mimbari isitumike kutangaza kituo chochote chenye kutoa malipo. Na nauli ambayo dalali anaitumia kama chambo, tuitoe sisi. Huu ndio ukweli mchungu wa jambo lote: mgonjwa hufuata nauli na unga kwa sababu hana nauli wala hana unga. Tukimkemea kwa kupokea, nasi tunayo zaka na hatumpi, tumemwacha njiani dalali amkute peke yake.

Twamuomba Allah (SW) awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, awaongoze matabibu wenye ikhlasi na wazidishiwe riziki ya halali, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kutimiza vipimo.